Keti Naye Kwanza: Somo Kutoka kwa Makasisi wa Wakulima

Maandiko ya wiki: Ayubu 1:13-22, 2:11-13, 42:7-11
Andiko la kukariri: Warumi 12:15



Makasisi wa aina nyingi tunawajua. Kuna kasisi wa hospitali anayepita kitanda hadi kitanda. Kuna wa shule, wa magereza, wa jeshi na wa polisi. Lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kusikia habari za kasisi wa wakulima? Yaani mtumishi ambaye kanisa limemtenga kwa kazi hii: kuwa karibu na watu wanaolima na kufuga, na kuhakikisha hawaachwi peke yao. Huduma hiyo iko, na kule Uingereza imekuwepo miaka mingi.

Wiki hii nataka tujifunze kutoka kwao. Sababu yangu ni rahisi. Wengi wetu humu ndani, hata wale wanaofanya kazi ofisini, ada yetu ya shule ililipwa na maziwa, majani ya chai, mahindi au mbuzi. Na wengi bado wanaishi hivyo. Kwa hivyo mshirika wetu anapopoteza mifugo au mazao, hilo si jambo la shamba tu, ni jambo la kanisa. Swali ni, kanisa linafanya nini siku ile?

Shika neno hili moja, maana somo lote liko hapo: mkulima akipata hasara, kazi yetu ya kwanza ni kufika na kuketi naye, na kazi yetu ya pili ni kumrudisha kwa watu. Maneno yana wakati wake, na wakati wake si saa ya kwanza.

AYUBU ALIKUWA MKULIMA

Tukihubiri Ayubu, mara nyingi tunakimbilia majipu na jivu. Hebu turudi nyuma kidogo. Ayubu 1:3 inatupa hesabu ya mali yake: kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Huyo ni mkulima na mfugaji. Mstari wa 14 unasema ng'ombe walikuwa katika kazi ya kulima, na punda wakilisha karibu nao, wakati Waseba walipovamia. Kisha moto ukala kondoo na wachungaji wao. Kisha Wakaldayo wakachukua ngamia. Kisha nyumba ikaangukia watoto.

Wajumbe walikuwa wanne. Huyu hajamaliza kusema, mwingine ameshaingia mlangoni. Leo tungesema ni simu nne mfululizo, na kila ukipokea ni mbaya kuliko ile ya kwanza.

Mimi nilisomea biashara chuo kikuu. Nikisoma sura hii naona mtu aliyepoteza mtaji wote kwa siku moja, bila bima, bila akiba pembeni. Lakini pia naona kitu ambacho vitabu vya biashara havisemi vizuri. Mwenye duka akifunga duka, jioni anaenda nyumbani. Mkulima hana pa kwenda, kwa sababu shamba ndilo nyumbani. Pale alipopoteza ndipo anapolala, ndipo watoto wake wanapocheza, na mara nyingi ndipo baba yake alipozikwa. Asubuhi akifungua dirisha, anaona zizi tupu.

UINGEREZA, MWAKA 2001

Niwapeleke Uingereza sasa, ili muone jambo hili kwa macho ya watu wengine.

Tarehe 20 Februari 2001, ugonjwa wa miguu na midomo ulithibitishwa kwa nguruwe waliokuwa kwenye machinjio huko Essex, kusini mashariki mwa England. Ugonjwa huu sisi tunaujua. Ng'ombe anatokwa na vidonda mdomoni na kwenye kwato, maziwa yanapungua, karantini inawekwa na soko la mifugo linafungwa. Hapa kwetu mfugaji huosha vidonda, wengine wanachanjwa, na wanyama wengi hupona. Kule sera ilikuwa tofauti. Mnyama akipatikana na ugonjwa, kundi zima linauawa.

Siku tatu baadaye serikali ikapiga marufuku kusafirisha mifugo nchi nzima, na minada ikafungwa. Baada ya wiki chache, amri ikafika hadi kwa majirani: shamba likipakana na lenye ugonjwa, mifugo yake pia inauawa, hata kama ni mizima. Hadi kisa cha mwisho mwishoni mwa Septemba, ugonjwa ulikuwa umethibitishwa mahali zaidi ya 2,000. Karibu 900 kati ya hapo ni katika eneo moja, Cumbria, karibu na mpaka wa Scotland. Kwa jumla wanyama zaidi ya milioni 6 waliuawa. Jeshi liliitwa kusaidia. Mizoga ilichomwa katika marundo makubwa, na moshi ukaonekana kutoka mbali. Katika uwanja wa ndege wa zamani wa Great Orton, huko Cumbria, ilizikwa mizoga zaidi ya 400,000. Hata uchaguzi mkuu uliotarajiwa mwezi wa Mei ukasogezwa hadi Juni 7.

Sasa fikiria mkulima wa pale. Kondoo wale si wa kununua jana. Ni uzao ambao babu yake aliuchagua, baba akauendeleza, naye akaupokea. Umekwisha kwa alasiri moja. Na jirani haruhusiwi kuja kumpa pole, kwa sababu viatu vya jirani vinaweza kubeba ugonjwa. Getini kumewekwa majani makavu yaliyoloweshwa dawa, na bango la kukataza watu kuingia. Watoto hawaendi shule wakirudi kila siku kama kawaida. Mnada, ambao ndio ulikuwa mahali pa kukutana na wenzake, umefungwa.

Hapo ndipo huduma ya makasisi ilipopimwa. Kasisi aliyezoea kuingia shambani na kunywa chai jikoni sasa naye amezuiwa. Kwa hivyo wakashika simu. Kulikuwa tayari na mtandao wa Wakristo ulioanzishwa mwaka 1995, wakati huo ukiitwa Farm Crisis Network, na leo unaitwa Farming Community Network. Watu wake wengi ni wa kujitolea, na wengi wamezaliwa au kufanya kazi shambani. Mwaka ule simu zao hazikunyamaza. Hata leo laini yao iko wazi kila siku, na anayepokea ni mtu anayejua tofauti ya mtamba na ng'ombe aliyezaa.

Ukiangalia jinsi watumishi hawa wanavyofanya kazi, utaona mambo matatu. Yote matatu yako ndani ya kitabu cha Ayubu.

1. WANAENDA ALIPO MKULIMA

Ayubu 2:11 inasema rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walisikia habari, wakatoka kila mtu mahali pake, wakapatana kwenda pamoja. Tunawalaumu sana watu hawa, na sababu ipo. Lakini hapa tuwape haki yao. Walisikia wakatoka. Hawakungoja Ayubu aje kwao.

Kasisi wa wakulima kule Uingereza hakai ofisini akingoja mtu abishe hodi. Siku ya mnada wa mifugo yuko pale. Anapita kati ya mazizi, anasalimia, anauliza bei imekuwaje, anakaa mkahawani na kikombe cha chai. Wakulima wengine, hasa wazee, huja mnadani hata kama hawana cha kuuza, kwa sababu wiki nzima wanafanya kazi peke yao. Trekta na mashine zimechukua nafasi ya vibarua. Mtu anaweza kumaliza siku nne bila kuongea na mtu yeyote nje ya nyumba yake.

Akiwa pale, kasisi anafanya kazi moja ambayo haionekani. Anaangalia nani hayupo. Mzee fulani huwa anasimama pembe ile kila Jumatatu, mbona wiki ya tatu hii hajaonekana? Swali hilo dogo limewafikisha watu wengi kwenye mlango uliokuwa umefungwa.

Jambo hili makanisa ya kule yalilielewa mapema. Mwaka 1972 makanisa ya madhehebu mbalimbali yaliungana na chama cha kilimo, Royal Agricultural Society of England, pamoja na mfuko wa familia ya Rank, yakaanzisha kituo huko Stoneleigh, ndani ya uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kinaitwa Arthur Rank Centre, kwa jina la Mmethodisti mmoja aliyetajirika kwa biashara ya unga na ya filamu. Ni kama sisi tuweke ofisi ya huduma pale Jamhuri Park, uwanja wa maonyesho, tuseme: wakulima wako hapa, na sisi tuko hapa.

Na tena, kasisi huyu hamuulizi mtu ni wa kanisa gani. Mwingine ni Mwanglikana, mwingine Mmethodisti, mwingine Mkatoliki, mwingine hajaingia kanisani tangu harusi yake. Wote ng'ombe wao wanaugua sawasawa.

2. WANAKETI KABLA YA KUSEMA

Ayubu 2:13 ndio mstari ninaoupenda zaidi katika kitabu hiki. Rafiki wale waliketi chini pamoja naye siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, kwa sababu waliona huzuni yake ni kuu mno. Siku saba! Sisi dakika saba zinatushinda.

Nawapa mfano wa kazi ya makasisi hawa siku hizi. Ng'ombe wa Uingereza hupimwa kifua kikuu cha mifugo. Daktari wa mifugo huja siku ya kwanza, anamchoma ng'ombe sindano shingoni. Kisha anaondoka, na anarudi baada ya saa 72 kuangalia kama pale pamevimba. Ng'ombe akionekana na dalili, anatengwa na kuchinjwa, na shamba zima linawekewa zuio. Huwezi kuuza ng'ombe hai kwa mtu unayemtaka mpaka vipimo vije safi. Sasa katika hizo saa 72 mkulima anafanya nini? Anakamua kama kawaida, anakula kidogo, halali. Kasisi anayeijua kazi yake anajua kwamba huo ndio wakati wa kupiga simu au kufika. Si kwa kuwa ana jibu. Hawezi kubadilisha kipimo. Hawezi kupandisha bei ya maziwa. Chuoni tulifundishwa kwamba mzalishaji mdogo hapangi bei, anaipokea, na hilo ni kweli Uingereza kama lilivyo kweli hapa. Anachoweza kasisi ni kuhakikisha mtu yule hasubiri peke yake.

Na anaisikiliza nyumba nzima. Tunamkumbuka mke wa Ayubu kwa maneno yake mabaya katika 2:9, lakini ni nani aliyeketi naye yeye? Naye alizika watoto kumi. Naye alipoteza riziki. Mama wa shamba mara nyingi ndiye anayejua deni ni kiasi gani, na ndiye anayemwona mume akikaa gizani bila kusema. Kasisi mwenye hekima anauliza, "Na wewe mama, unaendeleaje?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa tunagusa nyumbani.

Rafiki wa Ayubu walipofungua kinywa, waliharibu. Hoja yao kubwa ilikuwa hii: haiwezekani haya yakupate bure, lazima kuna dhambi. Bildadi alifika mahali pa kumwambia baba aliyefiwa kwamba watoto wake walivuna makosa yao (Ayubu 8:4). Je, sisi hatusemi hivyo? Ng'ombe akifa, kuna anayeuliza kama fungu la kumi lilitolewa. Mahindi yakikauka, kuna anayeuliza ni mlango gani ulifunguliwa kwa adui.

Mama mmoja wa ushirika wetu alipoteza ng'ombe wawili wa maziwa katika muda wa siku kumi. Mmoja alikuwa amenunuliwa kwa mkopo. Kabla hata ya mzoga kuzikwa, kuna aliyemwendea na kumsomea Malaki 3. Nilipofika nilimkuta ameketi nje kwenye ndoo iliyopinduliwa. Tulikaa muda mrefu. Baadaye akasema neno moja tu: "Mchungaji, nilikuwa natoa." Alinyamaza tena. Kisha akaingia ndani akaleta vile vibahasha, vyote, vya mwaka mzima, kana kwamba ameitwa mahakamani kujitetea.

Wapendwa, ninaamini katika utoaji, nanyi mnanisikia nikifundisha. Malaki 3 ni neno la Mungu. Lakini neno lililosemwa na nabii kwa taifa lililomwibia Mungu si fimbo ya kumpigia mama aliye kwenye ndoo. Mungu mwenyewe alitoa hukumu ya jambo hili. Katika Ayubu 42:7 alimwambia Elifazi kwamba hasira yake imewaka juu yao, kwa kuwa hawakusema yaliyo sawa. Watu waliomtetea Mungu kwa nguvu nyingi ndio Mungu aliowakasirikia. Hilo lapasa kutuogopesha sisi wahubiri.

Najua kuna atakayeniuliza: Mchungaji, sisi ni Wapentekoste. Tunaamini miujiza. Kuketi kimya si ni kukosa imani? Ndugu yangu, nenda Yohana 11. Yesu alijua kabisa atamfufua Lazaro. Aliijua saa yake. Hata hivyo alipoona watu wanalia, alilia nao kwanza, mstari wa 35. Sauti kuu ya kumwita Lazaro atoke inakuja mstari wa 43. Kama mwenye muujiza alilia kabla ya kuufanya, sisi tunaharakia wapi? Tuombe, tena tuombe kwa nguvu. Lakini tumuulize mwenye msiba, "Naweza kuomba nawe sasa?" na tukisema Amina, tusiondoke mbio.

3. WANAMRUDISHA KWA WATU

Mwisho wa kitabu cha Ayubu tunasoma haraka kwa sababu tunataka kufika kwenye maradufu. Tusiuruke 42:11. Ndugu zake wote, dada zake wote, na wote waliomjua zamani walimwendea, wakala chakula pamoja naye nyumbani mwake, wakamhurumia na kumfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu.

Angalia vizuri mahali mstari huu ulipo. Mstari wa 10 unasema Bwana alimrudishia. Mstari wa 12 unaanza kuhesabu kondoo 14,000. Na katikati ya ahadi na hesabu kuna nini? Kuna majirani, kuna chakula, kuna mchango. Biblia haisemi kwamba kondoo wale walinunuliwa kwa fedha ile. Lakini mimi mtu wa biashara naona mtaji wa kuanzia. Mungu alipombariki Ayubu, hakuwaweka watu pembeni.

Turudi Uingereza. Mwaka ule wa 2001 uliacha jeraha lingine ambalo halikuonekana kwenye hesabu ya mizoga. Serikali ililipa fidia kwa mifugo iliyouawa. Lakini mkulima ambaye mifugo yake ilipona, kisha akazuiwa miezi mingi kuisafirisha na kuiuza, hakupata fidia ile. Na mwenye nyumba ya wageni kijijini alikosa watalii, kwa sababu njia za kutembelea mashambani zilifungwa, naye hakulipwa. Kijiji kimoja, watu watatu, wote wamepata hasara, hundi ni ya mmoja. Unajua kinachofuata. Watu wanaanza kuangaliana. Majirani waliosaidiana kukata manyoya ya kondoo miaka ishirini wanaacha kusalimiana.

Hata bila ugonjwa, mpasuko upo. Kilimo kinachukua karibu asilimia 70 ya ardhi ya Uingereza, lakini wanaofanya kazi hiyo ni wachache sana. Nyumba nyingi za vijijini sasa zinakaliwa na wastaafu na watu wanaofanya kazi mjini. Huyu analalamika harufu ya samadi, yule analalamika matope barabarani na trekta inayomchelewesha. Mkulima anajikuta mgeni katika kijiji alichozaliwa.

Hapo kanisa lina kazi, kwa sababu ni moja ya mahali pachache ambapo hao wote wanaweza kuketi kwenye benchi moja. Kwa hivyo makasisi wanatumia ibada. Mwezi wa Januari kuna Jumapili ya Jembe, ambapo plau huletwa kanisani na kazi ya kulima inaombewa kabla ya msimu. Kabla ya sikukuu ya Kupaa kuna siku za kuombea mashamba, na watu wengine hutembea pamoja kwenye mipaka wakiomba. Kisha kuna Ibada ya Mavuno. Ibada hiyo jinsi ilivyo leo ilianza mwaka 1843 na mchungaji Robert Hawker wa Morwenstow, huko Cornwall, na ikasambaa nchini. Kuna pia siku moja ya mwaka, iliyoanzishwa 2006, ambapo wakulima hufungulia umma mashamba yao, na familia za mjini zinakuja kuona maziwa yanatoka wapi. Si ya kanisa, lakini kasisi anaikaribisha, kwa sababu inafanya kazi ileile. Inawapa watu nafasi ya kujuana kabla ya kulaumiana.

Kumrudisha mtu kwa watu pia ni kumfikisha kwa wenye msaada. Kasisi hajifanyi mhasibu wala daktari. Mkulima akiwa na rundo la barua za benki ambazo hajafungua, mtu wa kujitolea anaketi naye mezani, wanazifungua moja moja. Akiwa hana fedha za chakula, anaelekezwa kwa shirika la RABI, ambalo limekuwa likisaidia familia za wakulima tangu 1860. Akiwa mgonjwa wa mawazo, anasindikizwa kwa daktari. Anasindikizwa, si kutumwa peke yake.

NA SISI JE?

Hatuna haja ya cheo kipya wala ofisi mpya ili kuanza. Katika ukame wa 2020 hadi 2022, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa katika kaunti kavu za nchi yetu. Hao wote wana wenyewe, na wenyewe wana majina. Haya ndiyo ninayopendekeza, na mchungaji wetu mkuu ameyabariki:

Kwanza, kila ushirika wa nyumbani uchague watu wawili wa kufika sokoni siku ya mnada, au pale wafugaji wanapopeleka maziwa asubuhi. Si kuhubiri kwa spika. Ni kusalimia, kusikiliza, na kuangalia nani hayupo.

Pili, tujue kalenda ya mkulima. Malipo ya maziwa yanaingia lini? Bonasi ya chai ni lini, na mwaka huu imekuwaje? Mkopo wa mbolea unadaiwa mwezi gani? Mimi ndiye hushika vitabu vya hesabu hapa kanisani, na nimeona jambo moja. Mshirika mkulima haachi kuja kwa sababu amepoa kiroho. Mara nyingi anaacha kwa sababu bahasha ni tupu na anaona aibu. Bahasha tupu iwe ndiyo ishara ya sisi kumtembelea. Na tukienda, tusizungumzie bahasha.

Tatu, viongozi wawe na nambari za simu: daktari wa mifugo, afisa wa kilimo wa wadi, SACCO, mshauri nasaha, hospitali iliyo karibu. Mtu akikwambia amechoka kuishi, au afadhali asingekuwepo, usimkemee na usimwache peke yake. Kaa naye, ita mwenzako, mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo. Hilo ni tendo la imani pia.

Nne, tuchange kwa heshima. Wazee wetu walijua harambee. Lakini jina la mtu lisitangazwe madhabahuni bila ruhusa yake. Watu wa Ayubu walikula kwanza nyumbani mwake, ndipo wakatoa.

Tano, tuwe na Jumapili moja kabla ya mvua ambapo mbegu na majembe yanaletwa kanisani, na wasiolima wanawaombea wanaolima. Huwa tunaombea mitihani na safari. Chakula chetu je?

Yule mama wa ng'ombe wawili bado analipa mkopo. Sina ushuhuda wa maradufu wa kuwapa wiki hii. Ila akina mama wa ushirika wake wanaenda kwake kila Alhamisi, na wiki iliyopita alisimama kwenye maombi ya Jumatano akamwombea mwingine. Mnakumbuka Ayubu 42:10 inasema nini kuhusu kuwaombea rafiki.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma Ayubu 2:11-13. Rafiki hawa walifanya mambo gani mema kabla ya kuanza kusema? Ni lipi ambalo kwetu ni gumu zaidi?
2. Je, umewahi kusikia hasara ya mkulima ikielezwa kuwa ni dhambi yake? Ukilinganisha na Ayubu 42:7, ungesema nini?
3. Katika eneo lenu, ni mkulima au mfugaji gani hajaonekana kwa wiki tatu? Nani atamtembelea, na lini? Msimalize kikao bila kuandika siku.

TUOMBE

Baba, wewe uliyemweka mtu wa kwanza bustanini ailime na kuitunza, tunawaleta kwako wanaolima na kufuga. Wakumbuke walio na zizi tupu usiku wa leo, hapa kwetu na mbali. Tupe miguu ya kufika, masikio ya kusikia, na kinywa kinachojua kungoja. Turudishie jirani aliyejificha. Katika jina la Yesu, Amina.